Deni la Mwalimu Kusini: Kutoka Kiungani hadi Nachingwea

Zamani, kabla fedha za serikali hazijaingia katika mambo ya elimu, kijana wa pwani ya Lindi na Kilwa aliyetamani kuwa mwalimu wa chuo cha Kurani alisoma kwa maalim wake pasipo ada iliyoandikwa popote, akimchotea maji, akimkatia kuni na kumlimia shamba, hata siku aliyopewa idhini ya kufundisha akawa amekwisha kulipa kwa jasho kile ambacho wazazi wake wasingeweza kukilipa kwa fedha. Naitanguliza desturi hiyo kwa sababu misaada ya masomo iliyokuja baadaye kusini, ijapokuwa ya watu wa dini na dola nyingine, ilifanana nayo: ilikuwa karadha kuliko sadaka.

Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walipowakusanya watumwa waliokombolewa katika skuli yao ya Kiungani, Unguja, waliwalisha, wakawavisha na kuwafunza bure, wakitaraji kwamba mwenye kufuzu angevuka kwenda bara kufundisha, hasa Masasi, jirani ya Nachingwea, walikoweka kituo mwaka 1876. Cecil Majaliwa, Myao aliyelelewa kwa njia hiyo na kupelekwa kusoma Canterbury, Uingereza, akapewa upadri mwaka 1890, na kazi yake kubwa ikawa Chitangali, miongoni mwa Wayao wenziwe.

Waingereza nao, katika ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, waliteketeza kiasi cha pauni milioni 36 Kongwa, Urambo na Nachingwea. Na mimi, kila nifikiripo matrekta yale, hujiuliza ni walimu wangapi wangalisomeshwa kwa sehemu ya kumi tu ya mali hiyo.

Baada ya uhuru deni likatiwa sahihi. Katika miaka ya 1960 mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyepokea msaada wa serikali kwa masomo ya ualimu alifungwa na mkataba wa kutumikia miaka mitano. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililohimiza elimu ya msingi kwa wote, likawaingiza darasani maelfu ya vijana waliomaliza la saba, wakifundisha huku wenyewe wakiendelea kusoma.

Sera ya kuchangia gharama ilipokuja, deni la utumishi likageuka kuwa deni la shilingi, na tangu mwaka 2005 likakabidhiwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, waliokuwa wakisomeshwa Dodoma kwa mikopo hiyo, walirudishwa makwao kwa ghafla, baadhi yao wakihamishiwa baadaye vyuo vya ualimu.

Tangu mwaka 2023 mikopo imefikia pia baadhi ya masomo ya stashahada, ualimu wa sayansi na hisabati ukiwamo. Kijana wa Ruangwa, mkoani Lindi, anayeiomba hutakiwa kuwa na mdhamini. Na mdhamini huyo, ambaye zamani alikuwa misheni au serikali yenyewe, sasa mara nyingi ni baba au mjomba, mkulima wa korosho na ufuta, anayetia sahihi yake mbele ya mtendaji wa kijiji.