Kunyonyesha na Mimba Nyingine: Kinga Yake Inaishia Wapi?

Mama anaweza kushika mimba huku bado ananyonyesha, na anaweza kuishika kabla hajaiona hedhi yake ya kwanza baada ya kujifungua. Kliniki tunawapokea akina mama wa namna hii mara kwa mara, mtoto wa miezi minane mgongoni na mimba changa tumboni, na maelezo yao hufanana: "Nesi, mimi nilikuwa nanyonyesha, na siku zangu sikuziona." Waliyoambiwa na wakubwa zao yana ukweli. Kunyonyesha huchelewesha mimba, ila kuna masharti.

Mtoto anapovuta ziwa, mishipa ya fahamu kwenye chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo. Ubongo hutoa homoni mbili: prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Wakati huohuo ubongo hupunguza vichocheo vinavyoamuru vifuko vya mayai kupevusha yai. Yai lisipopevuka, mimba haiwezi kutungwa. Amri hiyo haikai muda mrefu. Mtoto asiponyonya kwa saa nyingi inalegea, ndiyo maana kunyonyesha usiku kuna uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kama nyumbani kwenu mnafuga nguruwe, umeshaliona jambo hili bila kulipa jina. Nguruwe jike huwanyonyesha watoto wake karibu kila saa, na kwa kawaida haji kwenye joto wakati huo. Watenganishe watoto naye, na ndani ya siku 4 hadi 7 hivi atakuwa anatafuta dume. Binadamu hatuko sawa naye kabisa. Kwetu mayai huanza kupevuka polepole hata kabla mtoto hajaachishwa ziwa, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana ni lini mama anaweza kutegemea kunyonyesha kama njia ya uzazi wa mpango. Masharti ni matatu, na yote lazima yawepo kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, usiku na mchana. Mchana usipitishe saa 4 bila kunyonyesha, na usiku usipitishe saa 6. Ukiyafuata vizuri, kinga yake inazidi asilimia 98. Sharti moja likivunjika, usiitegemee tena, hata kama mengine mawili bado yapo.

Linalovunjika kwanza mara nyingi ni la chakula. Mtoto analia, bibi yake anasema maziwa hayamtoshi, anapewa uji mwepesi au maji ya sukari, analala usingizi mrefu na nyumba nzima inashukuru. Lakini tumbo lililojaa uji haliombi ziwa. (Bibi, kama unasoma hapa: mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji hata maji, hata wakati wa joto kali. Mama yake ndiye anayehitaji kunywa.) Mama anayerudi kazini na kukamua maziwa anafanya vyema kwa mtoto, ila kukamua hakuzuii mayai kwa nguvu ileile ya mtoto kunyonya. Huyo atafute njia nyingine mapema.

Kuhusu hedhi, damu ya siku 56 za mwanzo baada ya kujifungua haihesabiwi. Baada ya hapo, ukitokwa na damu kwa siku mbili mfululizo, ichukulie kuwa hedhi imerudi. Kumbuka pia kwamba yai hupevuka kabla ya hedhi, si baada yake. Anayesubiri aione kwanza anaweza asiione.

Njia za uzazi wa mpango zisizopunguza maziwa zipo. Kitanzi huweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, au kuanzia wiki ya 4. Kipandikizi na vidonge vya kichocheo kimoja vinamfaa anayenyonyesha. Sindano ya miezi mitatu kwa kawaida husubiri wiki 6. Vidonge vya vichocheo viwili usivianze kabla mtoto hajatimiza miezi 6. Usiazime vya jirani.

Na ukiwa umeshashika mimba? Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba mtoto "amebemendwa" na kwamba maziwa ya mama mjamzito ni sumu. Maziwa hayaharibiki. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ghafla, kabla hajajua kula vizuri, na maziwa kupungua kadiri mimba inavyokua. Endelea kunyonyesha, ongeza mlo wako, na umlete mtoto apimwe uzito, hasa akiwa chini ya miezi 6. Kama uliwahi kuharibikiwa mimba, au unatokwa na damu sasa, nenda kituoni leo kabla ya kuamua lolote.

Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Kwa hiyo mtoto anapofikisha miezi 5 na unamleta kliniki kupimwa uzito, ulizia njia siku hiyohiyo, na baba yake akiweza mje naye.