Kuhesabu wapita njia kwa miguu na baiskeli (Uvira)

Kuhesabu wapita njia ni kazi ya kukaa mahali pamoja kwa saa zilizopangwa, darajani, njia panda au mpakani, na kuandika kila anayepita kwa miguu au kwa baiskeli. Katika Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, jimbo la Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, hesabu hizo zimefanyika zaidi kwa ajili ya afya na uhamaji kuliko kwa ajili ya kupanga barabara.

Umbo la mji huirahisisha kazi. Uvira imebanwa kati ya milima na ziwa, na Barabara ya Taifa Namba 5, inayotoka Bukavu na kupita Bonde la Ruzizi kuelekea Baraka, ndiyo uti wa mgongo wake. Anayetoka Kavimvira kwenda bandari ya Kalundu hana budi kuvuka mito inayoteremka kutoka milimani, ukiwemo Mulongwe. Mtu mmoja akikaa darajani asubuhi huona sehemu kubwa ya mji ikipita mbele yake.

Ugumu uko katika kuamua nani ni nani. Baiskeli nyingi zinazotoka bondeni hubeba makaa, mihogo au madumu ya mawese, na mwenyewe huisukuma badala ya kuipanda. Je, huyo ni mwendesha baiskeli au mtembea kwa miguu? Na mtoto aliyebebwa mgongoni? Lililo muhimu ni wahesabu wote kukubaliana kabla ya kuanza. Vinginevyo daftari mbili za siku moja haziwezi kulinganishwa. Jambo jingine linalosahaulika mara kwa mara ni kwamba kinachohesabiwa ni safari, si watu. Mama anayevuka kwenda Gatumba, upande wa Burundi, na kurudi jioni ameandikwa mara mbili.

Kazi hii ilipata uzito wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020. Ugonjwa ulipofika Mwenga, Kivu Kusini, Agosti 2019, vituo vya mipakani kama Kavimvira vilikuwa kinga ya bonde zima na ya Bujumbura. Mpango wa Taifa wa Usafi wa Mipakani, ukisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), uliweka vituo vya kunawa mikono na kupima joto la mwili, na wasafiri waliopita wakahesabiwa. Katika mashariki ya Kongo idadi ya vipimo ilivuka milioni 100.

Wapita njia huwa na wasiwasi wanapohesabiwa, na wana haki. Amri ya serikali ya mwaka 2002 iliruhusu idara nne tu mpakani: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa na usafi. Hata hivyo wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, wamezoea kudaiwa pesa na wengine wengi. Taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, katika ripoti yake ya mwaka 2017, iliorodhesha vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Kwa hiyo mtu mwenye daftari kando ya njia hudhaniwa mtoza ushuru, na watu hupita vichochoroni. Kijana wa mtaa anayejitolea, anayefahamika na asiyeuliza jina wala mzigo, hupata hesabu iliyo karibu zaidi na ukweli.

Kwingineko kazi hiyo hufanywa mahsusi kwa ajili ya barabara. Nchini Marekani mradi wa kitaifa ulioanza mwaka 2004 uliwapanga watu wa kujitolea kuhesabu kwa vipindi vya saa mbili katikati ya Septemba, saa zilezile kila mwaka, ili mwaka mmoja upimwe na mwingine.

Haja ya hesabu kama hiyo ilionekana Uvira pia. Usiku wa Aprili 16 kuamkia 17, 2020, Mulongwe na mito jirani ilifurika, ikaua makumi ya watu, ikabomoa maelfu ya nyumba na kuharibu madaraja. Magari yalikwama, watu wakaendelea kuvuka kwa miguu. Hesabu ya magari peke yake haiwaoni watu hao. Kwa kila daraja la Uvira linalochorwa upya, wahesabiwe kwanza wanaolivuka kwa miguu na kwa baiskeli, na upana wa njia yao upangwe kwa idadi hiyo.