Gari la mimea: Ukweli kuhusu bangi, soya na mkonge katika uundaji wa magari

KUNA masimulizi yaliyoenea kote ulimwenguni kwamba Henry Ford, yule mwasisi wa kampuni ya magari ya Ford nchini Marekani, aliwahi kuunda gari zima kwa mmea wa bangi. Masimulizi hayo yana chembe ya ukweli, ila chumvi iliyotiwa ni nyingi.

Ukweli ni kwamba mnamo Agosti 13, 1941, mjini Dearborn, jimbo la Michigan, Ford alionyesha hadharani gari ambalo bodi yake ilikuwa ya plastiki iliyotokana na mimea. Fremu ilikuwa ya mabomba ya chuma, na juu yake zilibandikwa bamba 14 za plastiki hiyo. Gari lilikuwa na uzani wa takriban kilo 900, yaani pungufu kwa kama kilo 450 likilinganishwa na gari la chuma la wakati huo.

Fomula kamili ya bamba hizo haikuhifadhiwa. Magazeti ya enzi hiyo yalitaja soya, majani makavu ya ngano, bangi, kitani na mimea mingineyo. Lowell Overly, aliyehusika pakubwa katika kuliunda gari hilo, alieleza baadaye kwamba zilikuwa nyuzi za soya zilizoshikanishwa kwa gundi ya fenoli na fomaldehidi. Kwa hivyo, hata kama bangi ilikuwemo, ilikuwa kiungo kimoja tu miongoni mwa vingi.

Nayo picha mashuhuri ya Ford akipiga gari kwa shoka haihusu gari hilo. Ilipigwa mwaka wa 1940, na gari lililoonyeshwa lilikuwa la kawaida lililotiwa kifuniko cha buti cha plastiki.

Ford, aliyekuwa mwana wa mkulima, alitaka shamba na kiwanda vitegemeane. Aidha, chuma kilikuwa kimeanza kuadimika kutokana na vita. Hata hivyo, ni vita hivyo hivyo vilivyozima jaribio lake. Mapema mwaka wa 1942 viwanda vya Marekani vilisitisha uundaji wa magari ya raia, na vita vilipokwisha mradi huo haukufufuliwa.

Wazo lenyewe halikufa. Katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, gari aina ya Trabant liliundwa mjini Zwickau kuanzia 1957 hadi 1991, na zaidi ya magari milioni tatu yakatoka kiwandani. Bamba za nje za bodi yake zilikuwa za masalio ya pamba yaliyochanganywa na gundi ya fenoli, kisha kugandamizwa kwa joto. Bamba hizo hazikushika kutu kamwe.

Lakini Trabant lilifunza somo jingine. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka wa 1990 na wenye magari hayo wakayatupa, ilibainika kwamba bodi hiyo haiwezi kuyeyushwa na kufinyangwa upya jinsi chuma kinavyoyeyushwa. Pamba ni mmea, ila gundi iliyoishika iliifanya kuwa taka sugu. Kwa hivyo, anayeuliza kama gari la mimea linafaa mazingira hana budi kuuliza pia nyuzi hizo zimeshikanishwa kwa kitu gani.

Tangu miaka ya 1990, waundaji wa magari barani Ulaya wamerejelea nyuzi za mimea, hasa kwa sehemu za ndani zisizoonekana. Nyuzi za bangi ya viwandani, kitani, kenafu, juti au mkonge huchanganywa na nyuzi za plastiki aina ya polipropilini na kufanywa mkeka. Mkeka huo hupashwa moto hadi plastiki ikayeyuka, kisha hugandamizwa kwenye kalibu na kutoka ukiwa na umbo la ubao wa mlango, dashibodi au rafu ya nyuma.

Faida ni kadhaa. Nyuzi za mimea ni nyepesi kuliko nyuzi za glasi, na gari jepesi hutumia mafuta kidogo. Tena ubao huo ukivunjika katika ajali, aghalabu hautoi vipande vikali kama vya glasi.

Kasoro nazo zipo. Nyuzi hizo hufyonza unyevu, huanza kuharibika joto likizidi kiasi cha nyuzi 200 za Selsiasi, na ubora wake hubadilika kulingana na mvua na mavuno. Ndiyo maana injini na fremu zimebaki kuwa za madini.

Mifano ni mingi. Mwaka wa 2008 kampuni ya Lotus ya Uingereza ilionyesha gari la majaribio, Eco Elise, lililotumia bangi ya viwandani, sufu na mkonge. Modeli ya Ford Mustang ya 2008 ilitiwa viti vya sponji yenye mafuta ya soya. BMW i3 ya mwaka wa 2013 ilikuwa na kenafu milangoni. Nayo Porsche, mwaka wa 2019, ilitoa gari la mashindano lenye milango na bawa la nyuma la nyuzi za mimea.

Bangi ya viwandani ni aina yenye kiwango kidogo mno cha kemikali inayolevya. Nchini Marekani sheria ya 2018 iliweka kikomo cha asilimia 0.3. Humu nchini, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka wa 1994 inaharamisha ukuzaji wa bangi bila kuitenga aina hiyo. Mkulima asije akadanganywa kwamba ni halali kuipanda.

Hata hivyo, Kenya inao mmea usio na vikwazo hivyo. Mkonge umestawi kwa miongo mingi Taita Taveta, Kilifi na Bonde la Ufa, na nchi hii ni miongoni mwa wazalishaji wakuu duniani. Kamba za polipropilini ndizo zilizoangusha bei ya katani karne iliyopita. Leo plastiki iyo hiyo ndiyo inayochanganywa na katani katika milango ya magari ya Ulaya.

Lakini sehemu kubwa ya katani yetu bado husafirishwa ikiwa ghafi, kwa marobota, na thamani yake huongezwa ng'ambo. Ford aliota shamba na kiwanda vikifaidiana. Mkulima wa Mwatate au Vipingo hatafaidi ndoto hiyo iwapo mashine za kutengeneza mikeka na kuigandamiza zitabaki ughaibuni.