Usasa wa Mwaka 1956

Jumba la maonyesho la Lubumbashi, Kongo, lilizinduliwa mwaka 1956, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville. Ukitafuta mtindo wake kwa Kiswahili utaambiwa ni "usanifu wa kisasa", na hapo ndipo ninapokwama. Kisasa ni cha sasa. Simu ya kisasa ya mwaka juzi leo haitazamwi mara mbili. Vipi zege la karibu miaka 70? Wahakiki wa fasihi waliuona mtego huu mapema wakatunga usasa: mkondo wenye enzi na waasisi wake, unaoweza kuzeeka bila kupoteza jina. Wasanifu majengo na waliazime. Kuna pia umamboleo, ila siupendi, maana tangu tuliposoma habari za ukoloni mamboleo neno hilo limenatwa na siasa. Ingawa, kwa majengo haya, siasa haiko mbali.

Mchoraji wa jumba la Lubumbashi alikuwa Claude Strebelle, Mbelgiji, wa kundi lililojiita Yenga. Msomaji wa Dar es Salaam atadhani mpiga chapa amekosea. Hakukosea. Katanga, eneo uliko mji huu, husema moya kwa moja, kuya kwa kuja, na kuyenga kwa kujenga. Kundi la wasanifu wa kizungu, katika mji wa kikoloni, lilijipa amri ya Kiswahili cha mitaani, tena kwa lafudhi yake. Sijui kamati ya istilahi ambayo ingethubutu hivyo.

Leo jumba linaitwa Jengo la 30 Juni, kwa heshima ya uhuru wa Kongo wa 1960, na ndimo linamokutana bunge la jimbo. Lilijengwa kwa waigizaji, likapata wanasiasa. Wanaoongea Kifaransa huliita *siège* ya bunge, yaani kiti. Sisi husema makao. Neno zuri, ijapokuwa limezaliwa tumbo moja na makalio. Kukaa ni kuketi na pia ni kuishi, na tofauti hiyo ina uzito: anayeketi huinuka, anayeishi huhamishwa.

Nairobi iliyapitia yote mawili. Mwaka 1967 ulianza ujenzi wa makao makuu ya chama cha KANU, kwa michoro ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso, Mkenya. Ilipojulikana kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wangefanya mkutano wao huko mwaka 1973, jengo likarefushwa hadi ghorofa 28, pembeni yake ukumbi wenye paa la msonge. Makao ya chama yakawa kituo cha mikutano. Chama kiliendelea kukaa humo hadi serikali ilipolitwaa jengo mwaka 2003. Kinywani mwa watu limebaki KICC. KANU haimo katika herufi hizo nne, ila rais wake wa wakati ule yumo: K ni Kenyatta.