Kuwapigia jamaa walio ng'ambo: Anayepigiwa ndiye huamua njia iliyo nafuu

Familia iliyo na binti Riyadh, mwana Minnesota na nyanya anayetumia kabambe kule Nyamira haiwezi kutegemea njia moja ya kupiga simu. Wengi huanza kwa kuuliza ni kampuni gani iliyo na bei ya chini, ilhali la kuuliza kwanza ni anayepigiwa yuko wapi, ana simu ya aina gani na sheria za huko aliko zinaruhusu nini. Wasiozingatia hayo hujikuta wakilipa pesa nyingi kupita kiasi, au wakikaa wiki nzima bila kuisikia sauti ya mpendwa wao.

Zamani hapakuwa na la kuchagua. Kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka wa 1970, kiliunganisha Kenya na mataifa ya mbali, na simu ya ng'ambo ilikuwa ya harusi, matanga au habari nyingine isiyoweza kungoja barua. Shirika la Posta na Simu, KPTC, lilipovunjwa mwaka wa 1999, Telkom Kenya ilirithi ukiritimba wa simu za kimataifa, nao ukadumu hadi katikati ya 2004. Wenye vituo vya intaneti waliowauzia wateja simu za sauti kupitia mtandao katika kipindi hicho walifanya hivyo kwa kificho, kwa kuwa biashara hiyo ilikuwa imepigwa marufuku.

Waliopiga simu enzi hizo watakumbuka pia jinsi wazungumzaji walivyokuwa wakidakizana maneno. Setilaiti ya mawasiliano huelea takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo sauti ilipanda na kushuka safari ya zaidi ya kilomita 70,000 kabla ya kumfikia msikilizaji. Mtu aliuliza swali, akangoja nusu sekunde hivi, akadhani hakusikika, akauliza tena huku jibu la kwanza likiingia. Na kila sekunde ilikuwa ikilipiwa.

Afueni ilitoka baharini mwaka wa 2009. Waya wa faiba wa TEAMS uliwasili Mombasa mwezi Juni kutoka Fujairah, katika Milki za Kiarabu, na ule wa SEACOM ukaanza kazi mwezi wa Julai. EASSy ulifuata mwaka wa 2010. Intaneti ilipoongezeka kasi na kupungua bei, simu za sauti kupitia mtandao zikawezekana hata kwa mtu wa kawaida mwenye rununu. WhatsApp iliongeza simu za sauti mwaka wa 2015 na za video mwaka wa 2016. Skype, iliyoanza 2003 na kuwafunza wengi jambo hili, ilifungwa Mei 2025. Anayeshauriwa leo aweke salio huko anapotoshwa.

Siri ya unafuu wa programu hizi ni kwamba hakuna kampuni ya simu ya nchi nyingine inayodai ada ya kuipokea simu. Pande zote mbili hulipia data pekee. Mazungumzo ya sauti hutumia chini ya megabaiti moja kwa dakika, kwa hivyo saa nzima ya gumzo haitamaliza megabaiti 60. Video ndiyo mlafi, kwani hula mara kadhaa ya kiasi hicho. Familia yenye bando dogo inaweza kufungua video dakika mbili za kumwona mtoto, kisha ikaizima na kuendelea kwa sauti. Ndani ya WhatsApp kuna pia sehemu ya mipangilio inayopunguza data wakati wa simu, ingawa wengi hawajawahi kuigusa.

Hata hivyo, unafuu huo unaweza kugonga ukuta wa sheria. Inashangaza kwamba Milki za Kiarabu, unakoanzia waya wa TEAMS uliowarahisishia Wakenya mawasiliano, ni miongoni mwa nchi ambazo zimekuwa zikizuia simu za sauti na video za WhatsApp. Ujumbe wa maandishi na sauti iliyorekodiwa hupita bila matatizo. Simu yenyewe ndiyo hukataa. Anayeishi Dubai au Abu Dhabi hulazimika kutumia programu zilizoidhinishwa na serikali ya huko, kama vile BOTIM, na mara nyingi hulipia huduma hiyo kando na bando lake la kawaida. Hivyo jamaa aliyeko Kenya hana budi kuweka programu hiyo hiyo katika simu yake.

Wapo wanaowashauri jamaa zao wapite kichochoro kwa kutumia VPN. Ushauri huo unaweza kumgharimu mtu kazi na akiba yake yote. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya nchi hiyo inampa anayetumia mbinu hizo kutenda au kuficha kosa faini ya kati ya dirham 500,000 na dirham milioni 2. Sauti iliyorekodiwa na kutumwa, ijapokuwa haina ladha ya mazungumzo, ni salama kuliko hilo.

Saudi Arabia iliondoa marufuku ya jumla ya simu za intaneti mnamo Septemba 2017, lakini programu zote hazikufunguka kwa mpigo. Kwa maelfu ya Wakenya wanaofanya kazi za nyumbani huko, kikwazo kikubwa huwa mwajiri. Ripoti ya shirika la Amnesty International ya Mei 2025 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya ilieleza visa vya waajiri kuwapokonya wanawake hao simu na pasipoti. Hapo bei ya dakika haina maana tena. Familia inayomsafirisha binti ingefanya vyema kukubaliana naye, kabla hajapanda ndege, siku na saa ya kuwasiliana kila wiki. Aondoke na nambari za nyumbani zikiwa kwenye karatasi na kichwani, kwa sababu zilizohifadhiwa ndani ya simu hupotea pamoja na simu. Nayo familia ibaki na nambari ya mwajiri, ya wakala aliyempeleka na ya ubalozi wa Kenya jijini Riyadh. Binti akikosa kupiga simu siku iliyokubaliwa, familia itajua mapema kwamba kuna jambo, badala ya kungoja miezi ikidhani hana pesa.

Nyanya wa kabambe naye ana hesabu zake. Hana WhatsApp, hivyo ni lazima simu impate kwa nambari yake ya kawaida, na kila simu ya aina hiyo humtoza mpigaji ada ambayo kampuni ya Kenya hudai kwa kuikamilisha. Ada ya kampuni kuunganishiana simu za ndani ya nchi imeshushwa mara kadhaa, kutoka Sh4.42 kwa dakika hadi Sh2.21 mwaka wa 2010, na hatimaye Sh0.41 mwaka wa 2024. Zinazotoka ng'ambo huendeshwa kwa makubaliano yake zenyewe, na ndiyo maana mwana aliyeko Minnesota anaweza kushangaa kwamba kuzungumza na nyumbani kunamgharimu zaidi kuliko nyumbani kuzungumza naye. Nchini Marekani mwenye simu ya mkono amezoea kubeba sehemu ya gharama ya simu inayoingia, kwa hivyo ada ya kuifikia nambari ya huko huwa ndogo sana. Uingereza mambo ni tofauti, na nambari ya rununu huko inaweza kuwa ghali kuliko ya simu ya mezani.

Kwa mwana huyo kuna huduma kama Viber Out na Rebtel, zinazotumia intaneti upande wake na kumfikia nyanya kwa nambari ya kawaida. Kuna pia kadi za kupigia simu, ambazo zilitamba sana Marekani na Uingereza miaka ya 2000. Kadi hizo zahitaji macho makavu. Mwaka wa 2008, Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilizishtaki kampuni kadhaa kwa madai ya kutangaza dakika nyingi kuliko zile mteja alizopata. Mwanya ulikuwa katika maandishi madogo: ada ya kuunganishwa hata kabla ya kusema jambo, dakika moja na sekunde tano kuhesabiwa kuwa dakika mbili au tatu, na ada ya kila wiki iliyokula salio la kadi hata ikiwa imelala mfukoni. Lakini pengine kilicho nafuu kuliko vyote ni mjukuu anayeishi karibu na nyanya na aliye na simu ya kisasa, mradi atumiwe bando.

Anayepiga moja kwa moja kutoka Kenya huanza na 000 au alama ya kujumlisha, kisha msimbo wa nchi: 966 kwa Saudi Arabia, 971 kwa Milki za Kiarabu, 44 kwa Uingereza, 1 kwa Marekani na Kanada. Sufuri ya mwanzo ya nambari ya ndani huachwa kwa nchi nyingi. Uganda na Tanzania zina njia zake fupi, 006 na 007. Kuhusu majirani, makubaliano ya mtandao mmoja yaliyoanza Oktoba 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, ambayo Sudan Kusini pia ilijiunga nayo, yaliondoa ada ya kupokea simu ukiwa ziarani katika nchi hizo. Tanzania haikuwamo mwanzoni. Anayesafiri nje ya eneo hilo ataangalia kwanza kampuni yake inatoza nini simu inapoingia, kwani ugenini kupokea kunaweza kulipiwa.

Tabia ya kubipu, iliyowaokoa Wakenya wengi wasio na salio, nayo imegeuzwa mtego. Walaghai hupiga kutoka nambari ya nchi ya mbali, simu ikalia mara moja na kukatika. Mwenye jamaa ng'ambo hudhani ni wake na kupiga haraka, kumbe nambari hiyo hutozwa bei ya juu na mlaghai hupata mgao. Wajapani wameuita ulaghai huu wangiri, yaani kulia mara moja na kukata. Nambari isiyojulikana yafaa iachwe; jamaa wa kweli atatuma ujumbe. Kadhalika, anayejiita ndugu kwa nambari mpya na kuomba pesa upesi apigiwe kwanza kwenye nambari yake ya zamani.

Yabaki saa. Nairobi ikiwa saa tatu usiku, Minnesota ni saa saba mchana kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, na saa sita mchana kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza huwa nyuma kwa saa mbili majira ya joto na tatu majira ya baridi. Dubai iko mbele kwa saa moja. Riyadh ina saa ile ile ya Nairobi, lakini mfanyakazi wa nyumbani mara nyingi hupumzika usiku sana, na mwezi wa Ramadhani, karamu zinapoendelea hadi daku, ratiba iliyokubaliwa itabidi ipangwe upya kabla mwezi haujaandama.