Siku mbili Tanga: mji, pweza na magofu ya Tongoni

Msikilizaji wa Mashewa, wengi wetu Tanga mjini tunaijua kwa jambo moja: kupeleka mgonjwa Bombo. Tunalala kwenye benchi, kukicha tunatafuta basi. Makala haya ni ya atakayekwenda mzima, Jumamosi na Jumapili.

Shuka Korogwe alfajiri, upande basi la Tanga linalopita Segera na Muheza. Ukifika, anzia hapo hapo Bombo. Upande wa baharini lipo jengo la ghorofa, hospitali ya zamani ya Wajerumani, lililoachwa miaka mingi likachakaa. Kisha tembea hadi stesheni. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika Korogwe 1902. Miaka tisa kwa safari ambayo basi sasa linaimaliza asubuhi moja!

Jioni kaa pwani ule pweza na muhogo wa kuchoma, au wali wa nazi na samaki wa kupaka. Uliza bei kabla hujakaa.

Jumapili nenda Tongoni, pungufu ya kilomita 20 kusini, barabara ya Pangani. "Tongo" ni mahali palipohamwa, na jina hilo linapafaa. Utaona kuta za msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi 40 hivi, mengi yakiwa ya zaidi ya miaka 500. Baadhi yalijengewa nguzo ndefu. Yale mashimo ya mviringo kwenye nguzo yalipachikwa mabakuli ya kigeni, dalili kwamba wenyeji walifanya biashara ya mbali na walikuwa na uwezo.

Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilipita pwani hii, na moja, São Rafael, ikakwama kwenye fungu. Kumbukumbu za safari ile zinasema wenyeji waliwaendea kwa mitumbwi na machungwa mazuri kuliko ya Ureno. (Watu wa Muheza, mmesikia?) Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia wengi walikuwa wamekufa. Waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, wakaichoma São Rafael huku huku.

Nguzo nyingi za Tongoni zimeshaanguka na zilizobaki ni chache. Kwa hiyo usipande juu ya kaburi, usiegemee nguzo ili upigwe picha, na usiokote hata kigae. Haya ni makaburi ya watu. Mchukue mwelekezaji wa pale, na kama una mtoto wa sekondari, nenda naye. Darasani anasoma habari za miji ya pwani bila kuiona.

Mapango ya Amboni yapo upande mwingine, kaskazini, kilomita 8 hivi kutoka mjini. Usilazimishe yote siku moja. Toka Tanga kabla ya saa nane mchana, maana ukichelewa Korogwe, gari la kupanda Mashewa ni la kubahatisha.