Histoni: Gunia Lililodharauliwa

Umepata kumwona fundi wa cherehani: uzi wake mrefu ameuzungusha juu ya kijiti, usije ukatatana. Ndani ya mwili wako mna kazi ya namna hiyo. Karibu kila seli ina uzi uitwao DNA, urefu wake karibu mita 2, nao umekunjwa katika kiini chenye upana wa karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Katika uzi huo mna maagizo ya mwili, yaani jeni. Lakini uzi uliofungwa hivyo husomwaje?

Mwaka 1869, mjini Tübingen, Ujerumani, daktari kijana Mswisi, Friedrich Miescher, aliosha usaha wa vitambaa vya vidonda. Katika viini vya seli zake alipata kitu kigeni. Ndicho twakiita leo DNA. Mwaka 1884 Albrecht Kossel, Mjerumani, alipata protini za kiini katika damu ya bata bukini, akaziita histoni.

Kwa miaka mingi wengi walizihesabu histoni kama gunia la kahawa: mnunuzi hutazama kahawa, hajali gunia. Mwaka 1950 Edgar na Ellen Stedman, wa Edinburgh, walisema huenda histoni huzuia jeni zisifanye kazi. Mwaka 1964, mjini New York, Vincent Allfrey na wenzake walionyesha kwamba histoni zikitiwa kitu kidogo kiitwacho asetili, kizuizi hicho hulegea.

Mwaka 1974 Ada na Donald Olins walieleza walivyoona kwa hadubini ya elektroni: uzi ulikuwa kama shanga zilizotungwa. Mwaka huo huo Roger Kornberg alieleza kwamba kila ushanga una histoni 8. Ushanga huo, pamoja na DNA inayouzunguka, waitwa nukleosomu.

Basi, jeni inaponakiliwa hutokea nini? Kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi hupita juu ya uzi kikitengeneza nakala. Kikifika penye ushanga, DNA hubanduka kidogo kidogo, na pengine histoni 2 kati ya zile 8 huondoka. Kikiisha kupita, protini nyingine husaidia kuzirudisha mahali pake. Lakini jeni inayonakiliwa mno hupoteza shanga nyingi, uzi wake hubaki wazi. Hivyo mfungo huongoza kusomwa kwa jeni, na kusomwa nako hubadili mfungo. Hii ni sababu moja ya seli ya ini na seli ya ubongo kufanya kazi mbali mbali, ingawa maagizo yao ni yale yale.

Wala jambo hili si la wataalamu peke yao. Mwaka 2012 ilitambuliwa kwamba watoto wengi wenye aina moja ya kansa ya shina la ubongo wana kosa dogo katika histoni moja. Kosa hilo huharibu alama za kufungia jeni. Gunia lile lililodharauliwa, leo waganga walichunguza kwa bidii wakitafuta dawa. Tusiseme upesi kwamba kitu fulani ni kifungio tu.